Ukizing'oa bendera zote za p53

Katika kikundi chetu cha kusoma makala za kisayansi, msemaji wa siku hiyo alikuwa amefika kwenye ule mchoro ambao kila anayefuatilia habari za saratani keshauona mahali. Mstari mrefu wa mlalo, ndiyo protini ya p53, ile inayozuia seli kugeuka saratani, yenye asidi amino 393, na juu yake bendera ndogo za rangi: nyekundu za fosfati, kijani za asetili, buluu za methili, njano za ubikwitini. Zimesongamana zaidi kwenye ncha mbili. Kila bendera ina namba ya mahali ilipochomekwa na jina la kimeng'enya kilichoichomeka.

Akaanza kuzisoma, asidi amino na namba yake kwanza, kisha kimeng'enya. Serini ya 15, ATM. Serini ya 20, CHK2. Lisini ya 382, p300. Mzee mmoja wa safu ya nyuma, ambaye kwa kawaida husinzia, akanyoosha mkono.

"Samahani, dada. Ukizing'oa zote hizo, panya atakufa?"

Kikapita kimya, kikafuata kicheko kidogo, kisha slaidi nyingine.

Wiki kadhaa sasa swali hilo linanifuata kila niendako. Ni swali la kishamba kwa namna fulani, na ndiyo maana ni zuri. Limeshajibiwa kwenye maabara, tena zaidi ya mara moja. Majibu yenyewe ndiyo yaliyonikosesha raha.

## Kinachobandikwa

Kwanza, udogo wake. p53 ina uzito wa daltoni 43,700 hivi. Fosfati moja huiongezea daltoni 80. Asetili, 42. Methili, 14. Kwa namba hizo tu ungesema hakuna lililotokea.

Ila kwenye protini uzito si hoja kubwa. Kinasi, yaani kimeng'enya cha kutia fosfati, hushika molekuli ya ATP, hunyofoa fosfati yake ya mwisho na kuiweka kwenye oksijeni ya serini. Mahali ambapo hapakuwa na chaji sasa pana chaji hasi kali. Jirani aliyezoea kuegemea hapo anasukumwa, na mwingine mwenye chaji chanya anavutwa. Lisini nayo ina mkono mrefu wenye chaji chanya kwenye ncha. p300 huchukua asetili kutoka kwa asetili-CoA, huibandika kwenye naitrojeni ya ncha hiyo, na chaji inapotea. Methili ni ya hila zaidi. Chaji inabaki palepale, umbo la ncha ndilo linalobadilika, na zipo protini zenye mfuko unaoipokea ncha ya umbo hilo na kuikataa nyingine.

Ubikwitini ni habari nyingine kabisa. Hiyo yenyewe ni protini nzima, asidi amino 76, na ikishonwa mnyororo kupitia lisini yake ya 48 inaipeleka p53 kwenye proteasomu ikakatwekatwe.

Halafu kuna ugomvi. Lisini moja haiwezi kubeba asetili na ubikwitini kwa wakati mmoja. Mkiani mwa p53, lisini za 370, 372, 373, 381, 382 na 386 zinagombaniwa. SMYD2 hutia methili kwenye 370, SET7/9 kwenye 372, SET8 kwenye 382. P300 inazinyemelea karibu zote kwa asetili yake, na MDM2 inazitaka kwa ubikwitini. Nyuma yao wako wang'oaji: LSD1 kwa methili, SIRT1 kwa asetili, USP7 kwa ubikwitini, WIP1 kwa fosfati ya kule mbele, serini ya 15.

Hapo ndipo hadithi ya vitabuni inapopata utamu wake. Asetili ikiwahi, ubikwitini inakosa pa kukaa, p53 inapona na kwenda kuwasha jeni za kusimamisha mgawanyiko wa seli. Kuwahiana tu.

Ni hadithi nzuri mno. Nami hadithi nzuri mno ya kibiolojia hunifanya nishike mfuko.

## Pale nisipo na shaka

Kabla ya shaka, niseme ninachokiamini bila kusita: MDM2.

Kwenye seli yenye afya p53 inatengenezwa muda wote na kuharibiwa muda wote. Nusu ya iliyopo inapotea ndani ya dakika chache, nusu saa ikizidi. Anayeiharibu zaidi ni MDM2, anayeishika mbele na kuitia ubikwitini nyuma. Na jeni ya MDM2 inawashwa na p53 yenyewe. Ni sawa na kumlipa mshahara askari anayekutia pingu.

Mwaka 1995 maabara mbili zilitengeneza panya wasio na MDM2. Viinitete vilikufa mapema mno, karibu na siku za kujipandikiza kwenye mji wa mimba. Wakaiondoa na p53 pia, panya wakazaliwa wazima. Ni nadra kwenye biolojia kuona jibu safi kiasi hicho: kazi kuu ya MDM2 kwenye kiinitete ni kumzuia mtu mmoja tu.

Kwa hiyo ubikwitini si pambo. Hilo tuliweke pembeni.

## Serini ya 15

Mwaka 1998 makundi mawili ya watafiti yalionyesha kwamba ATM, kinasi inayokosekana au kulemaa kwa wagonjwa wa ataksia-telanjiektasia, huitia p53 fosfati kwenye serini ya 15 muda mfupi baada ya DNA kukatika. Mlolongo ukawa rahisi kuufundisha: DNA inakatika, ATM inaamka, fosfati inaingia, MDM2 inabanduka, p53 inapanda. Kingamwili inayotambua fosfati hiyo ikawa kipimo cha kila siku. Ukiona mstari mweusi kwenye filamu unaandika kwamba p53 imeamka, unaenda nyumbani.

Sasa itazame sehemu yenyewe kwa karibu. Pale MDM2 inaposhika, kipande kifupi cha p53 kinajikunja kama parafujo, na kutoka humo mikono mitatu inazama kwenye bonde la MDM2: fenilalanini ya 19, triptofani ya 23, lusini ya 26. Serini ya 15 iko nje ya bonde hilo. Watafiti walipotengeneza vipande vya p53 maabara na kupima nguvu ya mshiko, fosfati ya 15 peke yake haikuulegeza kwa kiasi cha kutajwa. Fosfati ya threonini ya 18 ndiyo iliyoulegeza kwelikweli.

Na ATM haitii fosfati kwenye 18. Huko hutia kinasi nyingine, CK1, ambayo hupenda kuanza kazi baada ya kukuta 15 imeshatiwa.

Yaani bendera maarufu kuliko zote ni ngazi ya kumfikia mwenzake. Pia husaidia p300 kukaa vizuri juu ya p53, sawa. Lakini sivyo nilivyofundishwa, na nadhani sivyo wengi wenu mlivyofundishwa.

Kisha mwaka 2004 zikaja nutlini, molekuli ndogo zinazoigiza ile mikono mitatu na kuliziba bonde la MDM2. Ukiziweka kwenye seli, p53 inapanda, inawasha jeni zake, seli zinasimama au zinakufa. Serini muhimu zikiwa hazina fosfati. DNA ikiwa nzima.

Hapa nilifunga kompyuta nikaenda kutembea.

Maana kama p53 tupu, isiyo na alama hata moja ya hatari, inaweza kufanya kazi mradi tu MDM2 imeondolewa njiani, basi fosfati za kule mbele zinafanya nini hasa? Panya walikuwa wameshajaribu kutujibu. Serini ya 15 kwa panya ni ya 18, na ile ya 20 ni ya 23. Ukizibadili zote mbili ziwe alanini, ambayo haina pa kupokelea fosfati, panya anazaliwa na anaishi. Seli zake za tezi ya thaimasi hazijiui ipasavyo baada ya mionzi, na akizeeka hupata vivimbe. Lakini akizeeka. Panya asiye na p53 kabisa hufa kwa vivimbe ndani ya miezi michache.

Jambo lililonigeuza ni panya mwingine, wa mwaka 2012. Safari hii hawakuigusa p53. Waligusa serini moja tu ya MDM2, ya 394, ambayo pia hutiwa fosfati na ATM. Wakaibadili kuwa alanini. Panya hao DNA yao ikikatika, p53 haipandi inavyotakiwa. Wanavumilia mionzi ambayo ingewaangusha wenzao, na baadaye wanapata vivimbe zaidi.

Serini moja, tena kwenye protini nyingine.

Tumechora bendera zote juu ya p53 kwa sababu p53 ndiyo mashuhuri. Jeni yake imeharibika katika takriban nusu ya saratani za binadamu, na kila maabara ina kingamwili zake. Lakini ATM haijui umashuhuri. Inapoamka hutia fosfati kwenye mamia ya protini, na huenda fosfati yenye uzito ni ile iliyoangukia kwa mlinzi kuliko zile zote zilizoangukia kwa mfungwa.

## Mkia usio na lisini

Turudi kwa swali la mzee, upande wa mkia.

Mwaka 2005 maabara mbili zilizing'oa lisini za mkia kwa panya. Moja ilibadili sita, nyingine saba, zote zikawa ajinini, asidi amino nyingine. Hapo asetili haina pa kukaa, methili haina, ubikwitini ya mkiani haina. Kwa hadithi ya kuwahiana, panya hawa walipaswa kuwa na p53 isiyoharibika, na wafe tumboni kama wale wasio na MDM2.

Walizaliwa. Walikua. p53 yao iliendelea kuharibiwa karibu kwa kasi ya kawaida.

Kwa muda mrefu hilo limetumiwa kusema kwamba mkia ni kelele tupu. Mimi mwenyewe nilielekea huko kwa siku kadhaa, mpaka nilipoikumbuka kemia ya ajinini.

Ajinini haipokei asetili, kweli. Lakini ina chaji chanya, kama lisini isiyoguswa. Kwa hiyo panya wa 2005 aliulizwa swali moja tu: vipi kama mkia usingeguswa kamwe? Na p53 nyingi kwenye seli tulivu ndivyo ilivyo, haijaguswa. Si ajabu aliishi.

Swali la pili ni kinyume chake: vipi kama mkia ungekuwa na asetili siku zote? Kwa hilo unabadili lisini ziwe glutamini, ambayo haina chaji na hufanana kiasi na lisini yenye asetili. Maabara ya Wei Gu ilifanya hivyo na kuchapisha mwaka 2016. Panya hao walikufa muda mfupi baada ya kuzaliwa. Mkia wenye chaji chanya hukaliwa na protini iitwayo SET (si ndugu wa SET7/9, jina tu limegongana), na SET ikikaa hapo p53 hupoa. Chaji ikiondoka, SET inaachia, p53 inachachamaa.

Bendera zilezile, namba zilezile. Zing'oe, panya anaishi. Zigandishe, panya anakufa.

Hata wale wa 2005 hawakuwa salama kama walivyoonekana kwenye kizimba. Walipopigwa mionzi ya kiwango ambacho panya wa kawaida huhimili, uboho wao ulishindwa na wakafa. Mkia ule ulikuwa ukifanya kazi ya kupunguza makali siku ya shida, na siku za kawaida kazi hiyo haionekani.

## Kazi mashuhuri zisizohitajika

Lisini za katikati, kwenye eneo la p53 linaloshika DNA, zina kisa chao. TIP60 hutia asetili kwenye ya 120, na hiyo ni miongoni mwa alama zinazoisukuma seli kujiua. Kwa panya ni ya 117. Mwaka 2012 maabara hiyohiyo ya Gu ilibadili tatu za eneo hilo: 117, 161 na 162.

Panya hao walipoteza kazi zote tatu ambazo sisi sote tunazikariri. p53 yao haisimamishi mgawanyiko, haizeeshi seli, haiiambii seli ijiue.

Wala hawakupata vivimbe vya mapema.

Nimeisoma makala ile nikirudia kurasa, nikitafuta mahali pa kuikosoa. Kilichobaki kwa panya wale kilikuwa uwezo wa p53 kuongoza baadhi ya jeni za kimetaboliki, kama TIGAR. Miaka minne baadaye wakaongeza lisini ya nne, ya 98, na mambo yakageuka: p53 hiyo haikuweza tena kuziongoza jeni hizo, haikuweza kuchochea feroptosisi, kile kifo cha seli kinachotegemea chuma na kuharibika kwa mafuta ya utando, na ilishindwa vibaya kuzuia uvimbe uliopandikizwa kwa panya. Lisini ya 98 ikibadilishwa peke yake, hakuna la maana linalotokea.

Ukitaka kujua kwa nini sipendi tena jedwali la "alama hii, kazi hii", ni lisini ya 98. Peke yake si kitu. Ukishaziondoa tatu nyingine, inakuwa kila kitu.

## Jeni nzima, protini hakuna

Haya yote yangekuwa mambo ya panya tu kama si seli za HeLa. Zilitoka kwenye uvimbe wa mlango wa kizazi wa Henrietta Lacks mwaka 1951 na hazijaacha kugawanyika hadi leo. Ukisoma jeni ya p53 ndani yake, iko sawa, herufi kwa herufi. Ukitafuta protini, unapata mabaki.

Kirusi cha HPV18 kilichomo humo huleta protini ndogo, E6, inayoikamata E6AP, kimeng'enya cha seli yenyewe cha kutia ubikwitini ambacho kwa kawaida hakina habari na p53, na kuielekeza kwake. Kirusi hakikuhitaji kuharibu herufi hata moja ya jeni. Kilibadili tu nani anatiwa ubikwitini na nani.

Mwenzake, E7, anakwenda kwa RB, kizuia-uvimbe kingine. Kwa RB fosfati ina maana iliyopinduka: CDK4 na CDK6 zikiitia fosfati za kutosha, inaiachia E2F, protini inayowasha jeni za mgawanyiko, na seli inaingia kwenye mgawanyiko. Fosfati huko ni kufungua lango la saratani. Palbosiklibu, dawa ya saratani ya matiti iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2015, huzizuia kinasi hizo mbili ili RB ibaki bila fosfati zake. Inafanya kazi pale tu RB yenyewe ipo.

Upande wa p53 dawa zimekuwa ngumu zaidi, na sababu tumeshaiona. Ukimzuia MDM2 mwilini kote, p53 inapanda kwenye uvimbe, na inapanda kwenye uboho pia. Chembe sahani za damu zinashuka, na kipimo cha dawa kinalazimika kushuka nazo.

## Tripsini

Neno la mwisho ni kuhusu namna tunavyozihesabu alama hizi, kwa sababu nadhani nusu ya mkanganyiko imelala hapo.

Ili kujua alama zipi zipo, protini hukatwa kwa kimeng'enya kiitwacho tripsini kisha vipande vinapimwa uzito kwenye mashine. Tripsini hukata baada ya lisini na ajinini. Mkia wa p53 umejaa lisini, kwa hiyo unakatwa vipande vidogovidogo. Na lisini yenye asetili haikatwi, hivyo vipande hubadilika urefu kulingana na kitu kilekile unachotaka kukipima. Kipande chenye serini ya 15 na kipande chenye lisini ya 382 vinafika mashineni kila kimoja kwa wakati wake. Kama vilitoka kwenye molekuli moja au mbili tofauti, taarifa hiyo ilipotea tripsini ilipopita. p53 yenyewe hufanya kazi ikiwa nne kwa pamoja, jambo linaloongeza mchanganyiko huo maradufu.

Filamu ya kingamwili ina tatizo la namna hiyo kwa upande wa muda. Mwaka 2004 Galit Lahav na Uri Alon, pamoja na wenzao, waliitazama p53 kwenye seli mojamoja baada ya DNA kukatika. Haikupanda na kutulia. Ilipanda, ikashuka, ikapanda tena, kila baada ya saa kadhaa. Wimbi halikukua kwa urefu mionzi ilipoongezwa. Idadi ya mawimbi ndiyo iliyoongezeka. Kwenye filamu, ambapo mamilioni ya seli zimesagwa pamoja, mawimbi hayo yanafutana na unaona wimbi linalofifia.

Maabara ya Lahav baadaye, mwaka 2012, ilitumia nutlini kwa dozi zilizopangiwa saa ili kuyaziba mabonde kati ya mawimbi, p53 ibaki juu bila kushuka. Uharibifu wa DNA ulikuwa uleule. Seli zilizoachiwa mawimbi yao nyingi zilipona na kurudi kugawanyika. Zile zilizoshikiliwa juu zilizeeka, zikaacha kugawanyika moja kwa moja.